Sifa za OK

Kiingereza kina maneno mengi ya heshima, yenye ukoo wa Kilatini na Kigiriki. Leo nalisifu moja lisilo na ukoo wala adabu: OK. Herufi mbili, kazi mia, wajibu hakuna.

Lilizaliwa kwa utani. Waandishi wa magazeti mjini Boston, Marekani, walikuwa na mchezo wa kuyakosea maneno makusudi, kisha kuyafupisha kwa herufi za mwanzo. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post likachapa o.k., kifupi cha "oll korrect", yaani yote sahihi. Neno linalotangaza kwamba yote ni sahihi, na lenyewe halina hata herufi moja sahihi! Unyofu wa namna hiyo utaupata wapi?

Vifupisho vingi vya mchezo ule vilikufa. OK likaokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, alikuwa akitetea kiti chake. Mashabiki wakamwita Old Kinderhook na kuunda klabu za O.K. Wakashindwa. Mgombea akarudi kwao, neno likabaki kazini.

Lilipofanikiwa, ndugu wakajitokeza. Rais Woodrow Wilson aliliandika "okeh", akiamini ni la Wachoctaw, wenyeji wa Marekani. Wengine wakalipeleka Ugiriki, wengine Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1960 msomi Allen Walker Read alipekua magazeti ya kale na kulirudisha Boston, kwenye mzaha wake.

Lakini utukufu wake umo kwenye matumizi. Mwambie fundi seremala unalitaka kabati Ijumaa. "OK, bosi." Amekubali? Amesikia tu, na hata hilo sina hakika nalo. Au mama mwenye nyumba akutumie ujumbe mrefu: kodi, bili ya maji, taka za mlangoni, na yule mjomba wako anayefungulia redio usiku wa manane. Jibu OK. Hujaahidi kulipa, hujakataa, hujaomba radhi, hujamtetea mjomba, na mazungumzo yamekwisha. Neno gani jingine linafunga mlango bila kuubamiza?

Kwenye vikao ndiyo usiseme. Mwenyekiti anaitikia OK kwa kila mchangiaji, yule anayetaka choo kijengwe na yule anayetaka kibomolewe, kisha muhtasari unaandikwa kwamba wajumbe waliridhia.

Tena lina ngazi zake. "Okeeei" ya kuvuta maana yake nakushangaa. OK yenye nukta mwishoni, ikitoka kwa mkeo, isome ukiwa umekaa. Ikibaki K peke yake, pitia sokoni kabla hujarudi nyumbani.

Wanaoliharibia jina ni wapiga mbizi. Kule chini ya maji mtu hukuonyesha duara la kidole gumba na cha shahada kukuuliza kama u salama, nawe ukiwa salama humrudishia duara hilohilo. Kama si salama, huthubutu, kwa sababu hewa ya mtungi haina mzaha. Yaani wamelipa OK maana moja, nao wanaisimamia. Haya ni matumizi mabaya ya neno.

Nao waliotafsiri programu za simu na kompyuta wameandika "Sawa" kwenye kitufe. Nawalaumu. Sawa ni neno la mizani. Aliyelitamka mbele ya mashahidi anaweza kudaiwa. Nawaomba wanaotunga istilahi waliache OK lilivyo, wasilitafutie mbadala, la sivyo mafundi wa mji huu watalazimika kutaja siku watakayokuja.