Houston au Atlanta: Jibu kwa Jopo la Ukoo

Wapendwa Baba Mkubwa, Shangazi na wote mlioko kwenye kikao,

Nimefuatilia ubishi wenu kuhusu kijana wetu aliyepata viza, kama akaanzie maisha Houston au Atlanta, na nimeona ushahidi uliotolewa mpaka sasa ni wa aina mbili: picha za watu waliosimama mbele ya magari yasiyo yao, na kauli kwamba Texas hakuna kodi. Picha naziacha kama zilivyo. Hiyo kauli nitaijibu, ila kwanza tukubaliane kipimo. Mji wowote ni mzuri siku ambayo umeme upo na barabara ni nyeupe. Hata Kariakoo ni pepo Jumapili alfajiri. Mimi nasema mji upimwe kwa siku yake mbaya kuliko zote: siku hiyo unamdai mkazi nini, na anayelipa ni nani. Kwa kipimo hicho Atlanta inashinda, ingawa haishindi kwa akili.

Kodi basi, kwa kuwa ndiyo iliyowalevya. Ni kweli jimbo la Texas halikati kitu kwenye mshahara, na mwaka 2019 wapiga kura waliongeza katazo hilo kwenye katiba yao. Georgia hukata kama asilimia tano, hivyo mtu asiye na familia anayelipwa dola 50,000 kwa mwaka huiachia kama dola 2,000. Serikali kuu ya Washington hukata chake kote kuwili, haina habari na ubishi wetu. Lakini Texas nayo ina shule na polisi wa kulipa, na hela haiokotwi barabarani, kwa hiyo huifuata kwenye nyumba. Kodi ya jengo Houston hukaribia asilimia mbili ya thamani ya nyumba kila mwaka. Kuzunguka Atlanta mara nyingi ni kama nusu yake. Kwa nyumba ya dola 300,000, ukiacha misamaha, tofauti ni kama dola 3,000. Mtasema kijana hatanunua nyumba, atapanga. Sawa, lakini mwenye nyumba wa Houston halipi kodi hiyo kwa moyo wa sadaka. Inaingia kwenye pango, ikiwa imevaa nguo nyingine.

Na hapo bado hatujagusa maji. Houston iko kama mita 15 tu juu ya usawa wa bahari, ardhi tambarare ya udongo wa mfinyanzi, na vijito wanavyoviita bayou vinavyotiririka kwa uvivu kuelekea ghuba. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilijiegesha juu ya eneo hilo, na sehemu kadhaa zikapata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa siku chache. Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka mzima, vuli na masika kwa pamoja. Kinachonifurahisha kwa ubaya ni habari ya Addicks na Barker, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1940 kuulinda mji baada ya mafuriko ya 1929 na 1935. Karibu mwaka mzima ni makavu: nyasi, viwanja vya mpira, njia za baiskeli. Basi wajenzi wakayasogelea, wakasogea tena, mpaka maelfu ya nyumba zikasimama kwenye eneo lililokusudiwa kujaa maji. Upande wa kaunti ya Fort Bend ramani za viwanja ziliandikwa onyo, kwa herufi zinazohitaji miwani, kwamba mahali hapo panaweza kufurika kwa mpango. Harvey akaja, mpango ukatimia. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, inatakiwa ya peke yake, na wengi waliofurikiwa hawakuwa nayo. Wale kati yenu mnaowacheka waliojenga Jangwani, punguzeni sauti. Hawa wa Houston walijenga kwa mkopo wa benki na ramani yenye mhuri.

Nitaambiwa kimbunga ni amri ya Mungu. Umeme je? Houston hujiita mji mkuu wa nishati duniani, na makampuni ya mafuta yamepanga maghorofa pale. Gridi ya Texas imejitenga kwa kiasi kikubwa na za majimbo mengine, kwa sababu wenyewe hawapendi kusimamiwa na Washington. Februari 2021 baridi kali ikaingia, visima vya gesi na mitambo vikaganda, na kwa kuwa jirani hakuweza kuwaazima umeme wa maana, zaidi ya nyumba na biashara milioni nne zikakaa gizani. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo zaidi ya 240. Kisha Julai 2024 kikaja kimbunga Beryl, kilichofika Texas kikiwa cha daraja la kwanza tu, daraja la chini kabisa, na wateja zaidi ya milioni mbili wakakatikiwa, baadhi yao kwa zaidi ya wiki katika joto la kukaanga mayai. Ramani ya kampuni ya umeme ya kuonyesha palipokatika ilikuwa haifanyi kazi, ndipo watu wakagundua kwamba programu ya mgahawa wa baga wa Whataburger huonyesha matawi yaliyofungwa, wakaitumia hiyo kujua mtaa gani una umeme. Mtu aliyekulia kwenye mgao wa TANESCO hakuvuka bahari kwa ajili ya hili.

Sasa siku mbaya za Atlanta. Tarehe 28 Januari 2014 ilianguka theluji ya kama sentimita sita, kina cha kidole. Shule, maofisi na serikali wakawaruhusu watu wote kwa wakati mmoja, magari yote yakaingia barabarani pamoja, lami ikaganda, na mji ukasimama. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, wafanyakazi wakalala ndani ya magari na kwenye maduka, na mtoto mmoja akazaliwa garini katika barabara ya mzunguko, I-285. Mwaka 2007, ukame ulipozidi, gavana aliitisha dua ya mvua mbele ya jengo la serikali. Machi 2017 moto uliwashwa chini ya daraja la I-85, likaporomoka, hakuna aliyeumia, na kabla Mei haijaisha magari yalikuwa yanapita tena. Machi 2025 chavua ya miti ilivunja rekodi: zaidi ya chembe 14,000 katika mita moja ya ujazo ya hewa, mahali ambapo 1,500 tayari ni balaa, na kila gari likawa la njano. Ni aibu, nakubali. Lakini aibu haidai bima. Atlanta imekaa kilimani, kama mita 300 juu ya bahari, na kimbunga kikiifikia mara nyingi kimeshachoka.

Msidhani naficha upande wa pili. Mwisho wa Mei 2024 mabomba chakavu yalipasuka katikati ya Atlanta na sehemu za mji zikakosa maji siku kadhaa, kwa hiyo na wao wana DAWASA yao. Houston ina kazi: kituo chao cha hospitali, Texas Medical Center, ndicho kikubwa kuliko vyote duniani, na kwa kijana atakayeanza kwa kulea wazee huku akisomea uuguzi hilo si neno dogo. Nyumba nazo hupatikana, maana Houston haina sheria ya kupanga matumizi ya ardhi kama miji mingine; wapiga kura waliikataa 1948, 1962 na 1993. Ndiyo maana kanisa, baa na gereji ya matairi hupakana bila kinyongo, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa Manzese.

Pingamizi kubwa kuliko yote hamjalitoa, nalitoa mwenyewe. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake, wa 2014, uliiweka Atlanta karibu na mkia miongoni mwa miji mikubwa: katika watoto waliozaliwa kwenye familia maskini kabisa, wasiofika watano kwa mia walipanda hadi tabaka la juu. Houston ilifanya vizuri zaidi. Ikiwa siku mbaya ya mji ni miaka ishirini ya kukwama bila king'ora kulia, kipimo changu kinayumba. Sehemu moja ya sababu, naamini, iko kwenye reli. Mwaka 1971 kaunti za Fulton na DeKalb zilikubali treni na mabasi ya MARTA, Clayton na Gwinnett zikakataa, na Cobb ilishakataa mapema. Clayton ilijiunga 2014. Gwinnett na Cobb zilipigia kura usafiri tena Novemba 2024, zikakataa tena. Asiye na gari huko hafiki kwenye kazi inayolipa vizuri, hata akiiona kutoka dirishani. Houston pia bila gari ni mateso, kwani manispaa yake peke yake ni kubwa kuliko mkoa wa Dar es Salaam ikiwa na watu chini ya nusu yake, lakini kosa la jirani halimpunguzii Atlanta lake.

Kwa hiyo hukumu yangu ina masharti. Aende Atlanta, apange karibu na kituo cha treni, ndani ya Fulton au DeKalb. Clarkston ya DeKalb haina kituo chake cha treni, lakini imepokea wakimbizi kwa miongo mingi, Wakongo wakiwemo, na Kiswahili atakisikia bila kukitafuta. Asije akadanganywa na jina la mtaa: Atlanta ina barabara zaidi ya 70 zenye neno Peachtree, na mwenye nyumba akisema "niko Peachtree" hajasema kitu. Mkisisitiza Houston kwa ajili ya uuguzi, sitagombana nanyi. Tangu 2022 sheria ya Texas inamtaka mpangishaji amweleze mpangaji kwa maandishi kama nyumba iliingiwa na maji katika miaka mitano iliyopita. Aidai karatasi hiyo kabla ya kupokea funguo, na chumba cha chini akikatae hata kikishushwa bei.

Mablanketi msimfungie, huku yapo. Mfungieni dagaa wakavu, waliochambuliwa vichwa.

Wenu wa ughaibuni.