Mashetani Wakae Pembeni, Zamu ya Ndege wa Kilombero

Kituo cha Nyumba ya Sanaa kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1972, kilikuza wachapaji picha hodari, na msanii George Lilanga akawapa mashetani umaarufu wa dunia. Sawa. Ila mashetani hawatishiwi na jembe la mpunga. Baadhi ya ndege wa bonde la Kilombero na milima ya Udzungwa iliyo juu yake wanatishiwa, basi leteni patasi na kipande cha msaji, tuwachonge na kuwachapa, tukihesabu kurudi nyuma.

5. Mumbi. Mweusi tii, koo jekundu. Mbao mbili, kazi imekwisha. Mwanafunzi aanze naye.

4. Chozi wa Mwanihana. Aligunduliwa mwaka 1981 kwenye msitu wa Udzungwa ulio juu ya kijiji cha Sanje. Anametameta, wino wetu haumetameti. Pole yake, tupite.

3. Kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti walikuta miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kitoweo kambini. Sayansi ilichelewa, mwiko ukawahi! Kumbe jamaa zake wa karibu wako Asia. Mchongeni miguu tu, ndiyo picha yake ya pasipoti.

2. Vindege wawili wa majanini (ndiyo, watano wamekuwa sita, mtanishitaki wapi?). Walijulikana tangu miaka ya 1980, majina rasmi wakapewa 2021. Aliyewahi kufuatilia kitambulisho atawaelewa. Mmoja anatajwa kwa mkia wake mweupe: hapo chimba, wino usifike.

1. Kwera wa Kilombero. Jina la kisayansi alilipata mwaka 1990, na nje ya bonde hili humpati. Anasuka kiota kwenye matete juu ya maji, matete yaleyale yanayochomwa na kufyekwa kupisha mashamba, ingawa bonde ni eneo oevu la kimataifa la Ramsar tangu 2002. Chapa manjano kwanza, acha ikauke, ndipo uso mweusi, ukisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko. Chini kwenye ubao chonga jina la mji, IFAKARA, kinyume, kuanzia mwisho. I na A zote tatu hazina kinyongo zikipinduliwa. F, K na R ndizo zitakazokutoa jasho.

Fremu ya ukutani haimfai huyu. Achapwe kwenye viroba vya mchele wa Ifakara, huo tunaousifia mjini huku shamba la mpunga wake likimsogelea ndege mlangoni. Mfanyabiashara akiuliza kama ndege anaongeza bei, mjibuni anaongeza, shilingi mia kwa kilo.