Jinsi ya Kumfundisha Mbwa wa Kindu Kusimama Mbele ya Majaji

Kwanza tafuta mbwa. Kindu hilo si kazi: toka alfajiri upande wa Kasuku, utamkuta mmoja kalala katikati ya barabara, pikipiki zinamzunguka kama mtu mkubwa. Mchague mwenye masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo, na mikunjo ya paji la uso kama mtu anayesomewa deni lake.

Usimcheke. Ndugu zake walitolewa kwenye misitu ya Kongo wakapelekwa Uingereza, na mwaka 1937 walionyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, watu wakasongamana kumwona mbwa asiyebweka. Wakamwita Basenji, jina ambalo sisi hatuhitaji kamusi kulielewa: washenzi. Leo mshenzi huyo ana sheria zake zilizoandikwa. Dume liwe na sentimita 43 begani na kilo 11. Sisi tumekuwa tukilitimua jikoni miaka yote bila hata kulipima.

Sasa vifaa. Unahitaji matofali manne ya kuchoma, ndakala (dagaa) kavu, na kliki. Kliki ni kidude cha plastiki chenye kibati ndani, ukikibonyeza kinalia "tak!" Usipokipata sokoni, tumia kalamu ya kubonyeza. Mbwa hajali kimetengenezwa wapi.

Kazi ya mlio huo ni moja tu: kumwambia mbwa "hapo hapo, hicho ulichofanya sasa hivi ndicho ninachokilipia." Karen Pryor wa Marekani aliitumia mbinu hiyo kule Hawaii miaka ya 1960, akiwafundisha pomboo kwa filimbi na samaki, maana pomboo humvuti kwa kamba wala humchapi fimbo. Ukichelewa sekunde mbili umeshalipia kitu kingine. Mimi wiki ya kwanza nilimlipa wangu kwa kujikuna, na sasa anajikuna kwa ufundi mkubwa.

Sharti la pili ni zito zaidi, hasa kwetu. Kila kliki ilipwe. Usiseme "kesho", usiseme "mwisho wa mwezi", usiseme orodha ya malipo bado iko Kinshasa. Kliki isiyolipwa ni kama noti ya zaire milioni 5 ya mwaka 1992: inalia vizuri mkononi, ila dukani wanakutazama tu. Na jihadhari na watoto wa kartie. Siku ya tatu watakuwa wanapiga "tak!" kwa ulimi nyuma ya ukuta, na thamani ya sarafu yako itaporomoka kabla ya saa sita. Niliwahonga mikate, wakaacha. Kwa hiyo hesabu ya mafunzo iwekee na mikate.

Panga matofali manne chini, kila mguu na lake. Usimnyanyue mguu mbwa. Ngoja aukanyagishe mwenyewe. Mguu wa mbele ukigusa tofali: tak, kipande cha ndakala. Ukigusa wa pili: tak. Miguu ya nyuma ina shida, kwa sababu mbwa, nadhani, hana habari kwamba anayo. Wangu alisimama juu ya matofali matatu, akauacha mguu wa kushoto wa nyuma ukining'inia hewani kama wa mtu anayetafuta kandambili gizani. Nilishika pumzi. Ukashuka, ukapapasa, ukapata. Tak! Nikampa ndakala nzima, na kichwa chake.

Dakika tano zinatosha, kisha mwache apumzike. Akizoea, ondoa matofali moja moja, na ucheleweshe kliki kidogo kidogo mpaka aweze kutulia huku shingo imenyooka. Jaji naye atataka kumfunua mdomo atazame meno, kwa hiyo kila mgeni anayekuja kwako kuazima jembe, mwombe amkague kwanza. Wageni watapungua. Jembe litabaki nyumbani.

Nilikuwa kwenye hatua hiyo mwalimu, jirani yangu, alipopita akasimama kwenye kivuli cha mwembe.

"Papa, hii imbwa ilikuwa haijui kusimama?"

"Ilijua, mwalimu. Sasa inasimama kwa malipo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Palepale?"

Nikabonyeza, nikamwonyesha. Mbwa akatafuna bila kushusha shingo. Mwalimu alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka begi lake la daftari chini, akapanda juu ya matofali mawili ya mbele, akarudisha mabega nyuma, akainua kidevu kuelekea Lualaba.

Ilikuwa safi kabisa. Nikabonyeza kabla sijafikiri.

Nilikuwa nimebakiza ndakala mbili.