Jinsi ya Kurudi Kitini Nakivubo bila Kutokwa Jasho Jingi

Mwenyekiti, keti. Najua unakitaka tena kiti cha LC1, baraza la kijiji, hapa Nakivubo, Kampala. Umeshazoea kuitwa "Chairman" tangu mlangoni kwako hadi stendi ya taksi, umezoea kupishwa mbele kwenye arusi na misiba, na sikulaumu. Kila mtu anapenda kusalimiwa kwanza. Tutaitumia tamaa hiyo badala ya kuikana. Wewe nisikilize tu, maana Nakivubo ni pagumu kuliko panavyoonekana, lakini njia za mkato zipo, tena za halali.

1. Hesabu wanaolala, usihesabu wanaopita

Saa nne asubuhi barabara ya Nakivubo haipitiki. Soko la Owino, ambalo kwenye karatasi linaitwa Mtakatifu Balikuddembe, lina makumi ya maelfu ya wafanyabiashara. Ongeza wauza vipuri wa soko la Kisekka, ongeza abiria wa stendi zote za karibu. Ukipanda juu ya meza hapo ukahutubia, utashangiliwa mpaka uone haya. Usipande. Subiri saa tatu usiku uone waliokushangilia wako wapi: Nansana, Bwaise, Kireka. Huko ndiko wanakolala, na LC1 huchaguliwa na wakazi.

Watu wako ni wengine kabisa. Ni mafundi cherehani wanaolala karakanani, ni mama wapishi waliopanga chumba nyuma ya ghala, ni familia chache za zamani ambazo hazijauza. Wengi wao hawaonekani mchana kwa sababu wako kazini. Nenda kwao usiku, mlango kwa mlango, bila kipaza sauti na bila msafara. Ukifika mlangoni usianze na kura. Uliza maji yanatoka saa ngapi, uliza choo kinafungwa na nani. Utasikia mengi usiyoyajua, na nusu ya kampeni itakuwa imekwisha.

2. Watu kumi wa kwanza

Kura yako haina sanduku. Tarehe 10 Julai 2018 watu walisimama nyuma ya wagombea wao mchana kweupe, wakahesabiwa kichwa kwa kichwa. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vijiji tangu 2001. Katikati hapo, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza yaliyochaguliwa chini ya mfumo wa zamani, kabla ya vyama vingi, hayakubaliki kikatiba. Mkachaguliwa 2018 kwa miaka mitano. 2023 ikafika, muda ukaongezwa, ukaongezwa tena. Umekaa kuliko ulivyoomba. Usijifanye hulijui hilo, maana jirani zako wanalijua sana.

Sasa fikiria mlolongo unavyofanya kazi. Hakuna mtu anayependa kuonekana kwenye mstari mfupi. Ndiyo maana ushindi wako uko kwenye watu kumi wa kwanza. Usiwaweke shemeji zako, kila mtu anawajua. Mtafute mama anayepika katogo ambaye nusu ya zoni ina deni lake na hajawahi kumpigia mtu kelele. Mtafute fundi anayerudisha chenji. Mtafute yule mzee mgomvi aliyekupinga kwenye kila mkutano kisha ukamtimizia jambo moja. Waombe wawahi na wasimame wamekaribiana. Wengine watakuja wenyewe.

Halafu kuna wapangaji wanaosimama mbele ya macho ya mwenye nyumba anayemtaka mpinzani wako. Mpangaji kama huyo atakwenda kwenye mstari wa mpinzani wako huku akiangalia chini. Usimkodolee macho. Kesho yake msalimie wa kwanza, kwa jina lake. Amelinda paa la watoto wake, na kiongozi anayemwadhibu mtu kwa hilo hastahili hata mstari wa watu watatu.

3. Muhuri

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo mtu anaposhinda au kushindwa uchaguzi, miaka mingi kabla ya siku yenyewe.

Mtu wa Kampala hawezi kwenda mbali bila barua ya LC1. Kufungua akaunti benki, barua. Kuomba kitambulisho cha taifa, muhuri wako. Kumdhamini ndugu aliyeshikwa polisi, barua. Kununua kiwanja, barua na sahihi yako juu yake. Serikali inakulipa shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi, na pesa hiyo haitoshi hata kodi ya chumba unachoandikia barua hizo. Naelewa kwa nini wengi wanaomba chai. Serikali iliyowapa watu kazi hii kwa malipo hayo iliwasukuma kwenye chai, na nalisema hilo bila kificho.

Lakini sikiliza hesabu. Mpinzani wako atagawa sukari na sabuni wiki ya mwisho. Sukari huisha Jumatano. Barua uliyoitoa bure inakaa kwenye faili la benki, na aliyeipata anakumbuka kila anapotoa pesa. Kwa hiyo hila yangu kubwa ni hii: toa barua bure, siku ileile, hata saa nne usiku.

Na uitoe kwa adabu. Anakuja binti wa miaka 18, amesimama mlangoni, kashika elfu tano iliyokunjwa mara nne kwa sababu aliambiwa bila hiyo hupati. Mwambie airudishe mfukoni. Mwulize jina lake linavyoandikwa, kisha liandike polepole ili alione. Gonga muhuri ulale sawasawa, si upande, maana muhuri uliopinda hukataliwa dirishani na atapoteza nauli mara mbili. Subiri wino ukauke. Mpe kwa mikono miwili. Binti huyo ana mama, ana shangazi, na kabla ya alfajiri jiko zima la nyuma ya ghala litajua.

4. Vaa gambuti kabla ya kamera

Nakivubo iko bondeni. Maji ya vilima vya katikati ya jiji yanashuka kwetu, yanaingia kwenye mfereji wa Nakivubo, yanakwenda hadi ghuba ya Murchison kwenye Ziwa Victoria, ambako mitambo ya Gaba inachota maji ya bomba ya jiji hili. Chupa na kavera za plastiki zinazotupwa Owino ziko njiani kuelekea kwenye kikombe chetu. Mwaka 2025 ujenzi ulipoanza kwenye mfereji huo, jiji zima lilibishana.

Usiahidi kuurekebisha mfereji. Si wako, ni wa KCCA, mamlaka ya jiji, na wakubwa kuliko KCCA, na watu wanajua. Ahidi mtaro mdogo unaopita kwenye kichochoro chako, kisha usisubiri kuchaguliwa. Itisha bulungi bwansi, usafi wa pamoja wa mtaa, Jumamosi moja kabla ya mvua za Machi na moja kabla ya za Septemba. Uwe wa kwanza kuingia na koleo. Ukipenda picha, ipigwe ukiwa umeshachafuka. Na takataka mlizozoa zisiachwe ukingoni zirudi na mvua. Panga gari mapema na uthibitishe linakokwenda. Lundo la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024, watu zaidi ya 30 walikufa chini ya taka za jiji letu. Gari la taka si jambo dogo, Mwenyekiti.

5. Kesi za jioni

Fupi tu, ukikaa kusikiliza kesi za wakazi: anza saa uliyotangaza, msikilize mwanamke mpaka amalize, usimhukumu mdeni wako mwenyewe.

6. Ukishindwa

Inawezekana. Mstari wako unaweza kuwa mfupi mbele ya macho ya watoto wako, na jua linawaka. Usikimbie. Msubiri msimamizi amalize kuhesabu, vuka uwanja, mshike mwenzako mkono wakati watu bado wapo. Hapo ndipo tamaa yako ya sifa inapopata faida: watu watazungumza zaidi juu ya mkono huo kuliko ushindi wake.

Kisha kabidhi. Wapo wanaofungia muhuri kabatini kwa miezi, na wakazi wanahangaika bila barua. Wewe kabidhi jioni ileile: muhuri, kibweta cha wino, daftari la wakazi, orodha ya kesi ambazo hazijaisha na nani anamdai nani. Mweleze ni mtaro upi huziba kwanza. Na wiki ijayo, ukihitaji barua ya utambulisho, nenda kwake upange foleni. Usisahau picha ndogo mbili.