Sinema Tisa za Familia Mbele ya Mahakama ya Sebuleni

Kanuni za mahakama hii ni chache. Kila sinema inapata alama mbili, ya hadithi na ya picha, zote juu ya 10. Za hadithi natoa mimi. Za picha anatoa mpwa wangu wa darasa la sita, binti asiyejua maana ya huruma. Hatujumlishi, maana sinema ya kichawi yenye picha 10 na hadithi 2 haipati 12, inapata usingizi. Tunachouliza ni kimoja tu: je, picha inajua inasimulia nini? Tunaanzia mkiani.

9. Cats (2019). Hadithi 2, picha 0.

Paka wanaimba kwa zamu ili mmoja wao achaguliwe kwenda kupata maisha mapya. Nimemaliza, hadithi ndiyo hiyo. Waigizaji wakubwa, Judi Dench akiwemo, wamevikwa manyoya ya kompyuta huku nyuso zikiachwa za watu, basi ukiwaangalia huoni paka wala huoni mtu. Kichekesho chenyewe kilitokea nje ya hadithi: filamu ilikuwa imeshaanza kuonyeshwa ndipo studio ikayatumia majumba ya sinema nakala nyingine iliyorekebishwa, kwa sababu kazi ya kompyuta haikuwa imekamilika. Katika nakala ya kwanza mkono wa Dench ulionekana waziwazi, mkono wa mtu, na pete kidoleni. "Mjomba," mpwa akauliza, "hawa wamerogwa au wamelipwa?" Aliomba kutoa alama za hasi. Nikamkatalia kwa shida.

8. The Polar Express (2004). Hadithi 6, picha 3.

Treni ya usiku wa Krismasi inawapeleka watoto Ncha ya Kaskazini. Tom Hanks kacheza watu kadhaa, kondakta akiwa mmojawapo. Mwongozaji Robert Zemeckis aliunasa mwendo wa waigizaji kwa mitambo kisha kompyuta ikawachora upya, ndiyo maana wanatembea vizuri kabisa. Shida ni macho. Yametulia kama ya samaki wa juzi pale sokoni Feri. Mtoto anafurahi, macho yamelala. Mtoto anaogopa, macho yamelala. Mpwa alisema Krismasi hii aachwe nyumbani.

7. The Lion King (2019). Hadithi 8, ila ya kuazima. Picha: soma kwanza.

Hapa ndipo nyumba ilipogawanyika. Mpwa alianza na 10 safi, akaapa hajawahi kuona nyasi za kompyuta zikipigwa na upepo namna ile. Na kweli kazi ni kubwa. Mwongozaji Jon Favreau aliingiza picha moja tu iliyopigwa kwa kamera, ile ya jua kuchomoza mwanzoni. Zilizobaki zote zimetengenezwa, wapiga picha wakiwa wamevaa miwani ya kompyuta na kuzunguka ndani ya savana isiyokuwepo.

Sikubishana naye. Nikamwekea ile ya 1994, tukio lilelile: korongo, nyumbu, baba ameanguka. Simba wa kuchorwa ana nyusi. Zinapanda, zinashuka, uso unakunjamana, machozi yanatoka, na mpwa naye kimya. Kisha nikarudisha ya 2019. Baba amekufa, na mtoto ana uso uleule wa simba wa Serengeti anayetazama gari la watalii likipita. Ndiyo gharama ya kutaka ukweli mtupu: simba wa kweli hana uso wa kulia. Sauti ya Mufasa, huyo baba, ni ya James Earl Jones katika zote mbili, kwa hiyo lawama huwezi kuitupa huko. Halafu kuna wimbo wa mapenzi ya usiku wa leo unaoimbwa jua likiwa bado linawaka; nani alikagua hilo? Dakika 88 za zamani zimevutwa hadi karibu saa mbili, nyingi zikiwa za kutembea.

Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, hivyo ni wazi hawakusubiri maoni yetu. Mpwa alishusha mpaka 6. "Nne nimekata za nyusi."

6. Jumanji (1995). Hadithi 7, picha 4.

Wale nyani wa jikoni. Siku hizo tuliwaogopa. Mpwa aliwacheka mpaka akashika mbavu, na hapakuwa mahali pa kucheka. Lakini Robin Williams anapotokea na ndevu zake baada ya kufungiwa ndani ya mchezo miaka 26, kompyuta haihitajiki. Mtu mmoja anayeshangaa vizuri anatosha.

5. Avatar (2009). Hadithi 5, picha 10.

Askari mgeni anatumwa kuwapeleleza wenyeji, anampenda binti wa chifu, anahamia upande wao, anawaongoza vitani. Dakika ya ishirini nilishamwambia mpwa nani atakufa na nani ataoa, naye akanijibu kwa upole wa kitaalamu: "Mjomba, stelingi hafi, hilo hata mimi najua." Ilichukua Oscar 3, zote za upande wa macho, na kwenye uandishi wa hadithi haikuteuliwa hata kushindania. Ila milima ile inayoelea! Msitu ule unaowaka usiku kila mguu unapokanyaga! James Cameron alijenga nchi nzima ambayo mtu angehamia kesho, kisha akaweka ndani yake hadithi ambayo wengi tumeshakutana nayo. Jaribio dogo: taja majina matatu ya wahusika. Nakusubiri.

4. The Wizard of Oz (1939). Hadithi 8, picha 9.

"Mbona haina rangi?" Subiri. "Mjomba, TV imeharibika." Nimesema subiri. Kisha Dorothy anafungua mlango wa nyumba iliyobebwa na kimbunga, na nje kuna rangi zote za dunia. Hakuna kompyuta. Chumba kile kilipakwa rangi ya kahawia ili kifanane na picha ya zamani, msichana mwingine aliyevalishwa kahawia hivyohivyo akafungua mlango, akajificha pembeni, na Judy Garland, Dorothy mwenyewe, akapita na gauni lake la buluu, yote mbele ya kamera ya rangi. Mpwa alirudia kipande hicho akitafuta mshono. Hakuuona. Alama moja amekata kwa nyani wenye mabawa. Ana ugomvi na nyani huyu mtoto.

3. Kirikou et la Sorcière (1998). Hadithi 9, picha 9.

Mtoto anaongea akiwa bado tumboni, anajizaa mwenyewe, kisha anaanza kuuliza maswali. Kijiji kizima kinamwogopa mchawi Karaba. Kirikou peke yake anataka kujua kwa nini mama huyu ni mbaya. Kila mkubwa anayemuuliza anakasirika kwanza. Michel Ocelot, Mfaransa aliyekulia kwa muda Guinea, alichora watu bapa, wengi wao kwa ubavu, bila kivuli wala mbwembwe, na muziki akampa Youssou N'Dour. Bajeti yake isingenunua hata nyasi za Favreau. Wasambazaji walilalamika kwamba akina mama wa kijijini wako kifua wazi. Ocelot akagoma kuwavalisha. "Huyu angekuwa darasani kwetu," alisema mpwa, "mwalimu angeshamtoa nje."

2. Supa Modo (2018). Hadithi 10, picha 8.

Kutoka Kenya, kazi ya Likarion Wainaina, iliyoanza safari yake kwenye tamasha la filamu la Berlin. Jo ana miaka 9, anaumwa ugonjwa usiopona, na anachopenda duniani ni mashujaa wa sinema. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba naye ana nguvu, mwishowe wanamtengenezea sinema yake. Kuna hata msimuliaji wa banda la video, anayewatafsiria watoto filamu za kung fu kwa madoido yake mwenyewe. Aliyewahi kumsikia DJ Afro au marehemu Lufufu atamjua papo hapo. Madoido ya kichawi humu ni ya kamba na vitambaa, yanaonekana kabisa, na ndivyo yanavyotakiwa: unaona mikono ya watu wanaompenda. Mpwa alikata mbili "kwa sababu imeniliza bila taarifa."

1. Spirited Away (2001). Picha 10. Hadithi: tulikwaruzana.

Wazazi wanakula chakula cha mizimu bila kualikwa, wanageuka nguruwe, na binti yao Chihiro anabaki kufanya kazi kwenye nyumba ya kuogea ya miungu. Mpwa alisukuma chipsi zake kando. Hayao Miyazaki alianza kuitengeneza kabla hajajua itaishaje, jambo ambalo nisingemshauri mtu yeyote, na ikarudi na dubu wa dhahabu wa Berlin na Oscar ya 2003.

Tazama mteja yule anayenuka, tope tupu. Chihiro anashika kitu kinachochomoza ubavuni mwake, anavuta, inatoka baiskeli, na nyuma yake takataka zisizoisha. Kumbe ni mzimu wa mto uliochafuliwa. Miyazaki mwenyewe aliwahi kushiriki kusafisha mto uliotolewa baiskeli. Hakuna anayehutubia kuhusu mazingira. Picha imesema, imemaliza. Kisha treni inapita juu ya maji, karibu hakuna anayeongea, na mpwa wangu, anayeomba simu hata tangazo la sabuni likirefuka, hakutikisika.

Hadithi niliipa 9. Chihiro anakumbuka ghafla mno, karibu na mwisho, kwamba utotoni alitumbukia mtoni akaokolewa. Kumbukumbu imetolewa mfukoni ilipohitajika.

"Mjomba, alikuwa mdogo. Wewe unakumbuka mambo yako yote ya utotoni?"

Nikaandika tisa na nusu.