Kibali cha Panya Buku

Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, ukakatiza Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Wanyama wa bonde lake walikuwa na halmashauri yao, na kwa binadamu waliazima kipimo kimoja cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: asijenge yeyote makao ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Walikishika kwa dhati, maana mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake watu wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, yalipita pia kwenye mashimo na viota vyao.

Siku moja Panya Buku alileta ramani ya nyumba 30 za safu, zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Nimtendee haki: nyumba zilikuwa nzuri, na vijana wengi wa bondeni walikuwa wakilala kwenye makalavati kwa kukosa pa kupanga. Kujenga kwa kushikana huokoa ardhi. Kasoro ilikuwa nje ya milango, kwenye barabara, mitaro na miti, vitu ambavyo mjenzi hapati fedha kwavyo.

Ramani ilipakwa kijani kila palipobaki nafasi. Mheshimiwa Ngedere, diwani, aliitazama akaridhika. "Tupitishe, vijana wanataka nyumba. Miti itapandwa baadaye."

Mzee Kobe, afisa mipango, aliinamia karatasi. "Miti gani, mwanangu?"

"Miashoki, mzee. Inapendeza langoni."

"Mwashoki husimama wima, kivuli chake hakimtoshi kuku. Wewe umeuchorea matawi ya mkungu. Na huu wa tatu umeuweka juu ya bomba la maji. Kesho tukutane kiwanjani, tuje na kamba na vigingi."

Asubuhi barabara ya ndani ikapigwa kamba kwa upana uleule wa ramani. Punda akaingia na mkokoteni wa mapipa, ule wanaozimia moto. Alikwenda vizuri mpaka mwisho, akakuta ukuta. Pa kugeuzia hapakuwepo. Alipojaribu kurudi kinyumenyume mkokoteni ulikwenda upande na gurudumu likazama. Ikabidi wamfungue, wamwage maji yote, wausukume mkokoteni kwa mikono. Hebu fikiria moto umeshika nyumba ya 14: kuta zimeshikana, upepo wa kusi unavuma, na mzima moto bado anafunguliwa kamba shingoni.

Bibi Konokono akafuata njia ya waenda kwa miguu. Ilianzia langoni, ikaishia kwenye maegesho ya nyumba ya sita. Hapo alijikuta katikati ya barabara, mbele ya magurudumu. "Mjukuu wangu," akamwambia Panya Buku, "mimi nipite wapi?" Panya Buku hakuwa na jibu, na naamini hata siku anachora hakulitafuta, kwa kuwa yeye hukimbia.

Zamu ya Mama Chura ilikuwa ndefu, na ilistahili kuwa ndefu.

"Uwanja wote umeufunika kwa pevingi. Maji ya paa 30 yatakwenda wapi, wakati mchanga uliokuwa ukiyanywa umeuziba? Mtaro wako unamwaga kwa jirani wa chini. Halafu zile mita 60 umezipima kutoka kwenye maji ya kiangazi. Njoo nikuoneshe ukingo."

Akawapeleka kwenye mkuyu wenye mabaki ya nailoni yaliyonasa juu ya vichwa vyao, alama ya mafuriko yaliyopita. Chini yake palikuwa na ukingo halisi. Wakapima upya, na nyumba mbili za mwisho zikaangukia ndani ya eneo la mto.

Mheshimiwa Ngedere bado alitaka kibali kitoke siku hiyo, mengine yafuate. Hapa nasimama na Kobe bila kusita. Mti ulioahidiwa kupandwa baada ya nyumba kuuzwa hauna mwenyewe: mjenzi ameshaondoka na fedha, mnunuzi hakuuona kwenye mkataba, na halmashauri haina tena kitu cha kumshikia mtu. Watakaokaa juani ni watoto waliozaliwa baada ya kikao.

Kibali kilitoka baada ya ramani ya tatu. Nyumba zikawa 28. Barabara ilitobolewa hadi mtaa wa pili, Punda aingie huku atokee kule. Njia ya miguu ikapita mbele ya milango yote, na katikati ya nyumba ukaachwa uwanja wa nyasi ulioinama kidogo, upokee maji ya mvua na kuyazamisha ardhini. Miarobaini ikapangwa upande usio na bomba, kila mmoja na shimo la udongo wa kutosha. Panya Buku aliweka dhamana ya magunia ya karanga; hatarudishiwa mpaka miti ivuke viangazi viwili ikiwa hai.

"Na nani atazoa majani mtaroni?" akauliza Mama Chura, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

Wakanyamaza. Kobe akaandika zamu palepale, chini ya masharti ya kibali: mwezi wa kwanza Panya Buku, mwezi wa pili Mheshimiwa Ngedere. Wote wawili wakatia sahihi.