Waya Hauna Upepo

Ute wa yai ukikaukia kwenye suruali ya kaki hautoki kwa sabuni ya mche. Nimejaribu mara mbili tangu juzi jioni. Mara ya tatu mama watoto aliichukua suruali, akaitazama, akanitazama mimi, akaenda kuianika kwenye kamba ya mbele ya nyumba, pale ambapo mtaa wetu mzima wa Mafubira hupita ukienda dukani. Hakusema neno.

Mayai yaliyopasuka yalikuwa 27. Trei ilikuwa na 30, ipo ukingoni mwa meza ya Hajati anayekaanga rolex kando ya barabara ya Kamuli. (Msomaji wa Tanga au Lamu ajue kwamba rolex kwetu Uganda si saa. Ni mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na watu wengi hapa hawaanzi siku bila hiyo.) Nilikuwa naendesha pikipiki polepole, mwendo wa msafara wa mazishi. Nikashika breki ya mbele kwa vidole viwili, tena kwa madaha, kwa sababu niliyoifunga usiku uliotangulia ilikuwa breki ya vidole viwili. Mkono wa breki ukaja wote mpaka ukagusa usukani, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Pikipiki ikaendelea na safari yake. Nikakanyaga ya nyuma. Gurudumu likajikaza juu ya mchanga, mkia ukahama njia, na tairi la mbele likaugonga mguu wa meza taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.

Hajati aliokoa kikaango. Trei akaniachia mimi.

"Mwalimu," akasema, "si ulituambia umeweka breki za ndege?"

Nilikuwa nimewaambia. Asubuhi hiyohiyo, palepale, huku nakula rolex yake, nilitoa mhadhara kuhusu paipu mpya ya breki mbele ya Hajati na stegi nzima ya bodaboda. Kwa hiyo nilipoanguka sikuhitaji kutafuta watazamaji. Nilikuwa nimeshawaalika.

Mwenyekiti wa stegi alikuja kuniinua. Ni mtu wa heshima, hakucheka mpaka aliponisimamisha wima. "Mzee," akaniambia, "sisi Boxer zetu breki ya mbele ni waya, ya nyuma ni chuma. Waya hauna upepo."

Naomba nieleze, maana mwenyekiti alisema kweli na nusu ya uchungu wangu iko hapo.

Breki ya diski haivuti kitu. Unaposhika mkono, pistoni ndogo iliyo kwenye usukani inasukuma mafuta, mafuta yanapita ndani ya paipu, yanasukuma pistoni kubwa kule chini gurudumuni, nayo inabana pedi kwenye diski. Aliyeigundua kanuni hii ni Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662 bila kuona hata baiskeli: kimiminika kilichofungiwa ukikibana mahali pamoja, mbano unafika kila mahali kwa kiasi kilekile. Pistoni ya juu ikiwa na kipenyo cha milimita 12 na ya chini milimita 30, nguvu ya vidole vyako inafika chini ikiwa imezidishwa mara 6 na zaidi. Mimi jambo hili hunikosesha usingizi kwa furaha. Vidole viwili vya mwalimu mwembamba vinasimamisha chuma, gunia la mahindi na shemeji yake!

Sasa, paipu ya kawaida ni ya mpira, na mpira hutanuka. Sehemu ya nguvu ya vidole vyako inapotelea kwenye kuuvimbisha mpira badala ya kubana pedi, na mpira ukizeeka ndivyo unavyozidi kuvimba. Ndipo wenye akili wakatengeneza paipu iliyosukwa. Ndani ni bomba jembamba la Teflon, nje limevikwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu, zimesukwa kama mkeka. Haivimbi. Hiyo Teflon ilipatikana kwa bahati mwaka 1938, Mmarekani Roy Plunkett alipokuwa akihangaika na gesi za majokofu akakuta unga mweupe ndani ya mtungi. Ndiyo ileile inayopakwa kwenye vikaango ili mayai yasigande. Naona yai na breki vilikuwa na undugu kabla mimi sijavikutanisha.

Tena mafuta ya breki si mafuta. Hunywa maji kutoka hewani, kimyakimya, mwaka hadi mwaka. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa maji, 155 zinatosha. Mimi nilijifunza hayo nikiteremka kutoka Kapchorwa kwenda Mbale, kona baada ya kona, huku breki ya pikipiki yangu, Pulsar, inazidi kulegea. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabanika. Unabana, unabana, chini hakifiki kitu. Dawa ilikuwa kubadilisha mafuta tu, ya bei ya rolex chache. Lakini mtu aliyeogopa kwenye mteremko hataki dawa ndogo. Nikaenda mjini Jinja, kwenye duka ambalo sitalitaja, nikanunua paipu inayong'aa kama mkufu wa harusi.

Fundi wangu alisema, "Mwalimu, kufunga si kazi. Kazi ni kutoa upepo." Nikamwambia nitafanya mwenyewe. Kutoa upepo ni hivi: unabana mkono, unafungua kiskurubu cha chini, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga kiskurubu, ndipo unaachia mkono. Ukiachia kabla ya kufunga, umevuta hewa upya. Nilifika katikati, umeme ukakatika. Mji wetu una bwawa la kufua umeme lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, nami nilikuwa nashika tochi ya simu kwa meno. Nikapampu mkono mara kumi, ukawa mgumu kama jiwe. Nikaridhika, nikaenda kulala. Sikujua kwamba ukipampu haraka hewa hubanwa kwa muda tu. Pikipiki ikipumzika, nayo inapumzika. Asubuhi nilisukuma tu mpaka kwa Hajati kuhutubia, jioni ndiyo nikaendesha.

Jana nilijaribu tena: nikasahau washa za shaba, mafuta yakamwagikia tangi na kubambua rangi. Kisha nikafunga mkono wa breki kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ulale umebanwa ili mapovu yapande. Mtoto akakichukua kwenda kutengenezea manati.

Leo nikampelekea fundi. Akaichunguza paipu, akachukua kisu, akakwangua. Zile nyuzi za chuma zilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Chini yake, mpira. Mpira wa kawaida, mwembamba kuliko ule niliouvua.

Hapa kicheko kiliniishia. Upepo ulikuwa wangu, na mayai ni yangu, nakubali. Lakini paipu hii ningeijuaje dukani, bila kuikata? Nilirudi nayo, muuzaji akasema na yeye aliiletewa, nikamuulize aliyemletea. Barabarani nimesimamishwa mara nyingi, nimeulizwa pamiti, nimeulizwa bima, na hajawahi mtu hata mmoja kunyoosha mkono akaishika breki yangu. Kila asubuhi bodaboda hunipita na watoto watatu wa shule, mmoja ameketi juu ya tangi, nyuma yao lori la miwa. Dereva yule naye hununua spea, na yeye hana nafasi ya kuzijaribu kwenye mayai.

Fundi amenifungia paipu ya mpira, mpya, na mafuta ya mkebe uliofunguliwa mbele yangu. Imemchukua dakika arobaini. Breki inashika.

Hajati alinitoza trei nzima, akanipa yale matatu yaliyopona, kwa kuwa nimeshayalipia. Ananidai bado shilingi 4,000, na meza ameisogeza nyuma hatua tatu.